Moto Mabegani mwa Kweche

Ilikuwa siku ya nne ya mwezi mwandamo, saa tisa alasiri, Nyamizi alipotia moto matete ya kinamasi cha Ilundo. Hadi saa hiyo kweche wote, madume kwa majike, walikuwa na rangi ya nyasi kavu. Walisuka viota vyao juu ya maji, na mtu angeweza kupita kando yao asijue kwamba pana ndege.

Desturi ilikuwa kuchoma matete kabla ya mvua, ili ng'ombe wapate machipukizi. Mwaka huo Nyamizi alichelewa. Mvua za kwanza zilikwisha kunyesha na ukingo ukakauka tena. Alitazama, hakuona kiota wala bawa, akawasha.

Asubuhi alikuwa amemtania wifi yake, Kalunde, aliyekuwa akinoa mundu.

"Wifi, unakwenda kukata mafunjo au kuyabembeleza?"

"Ya mkeka hukatwa kwa adabu, si kama yako ya zizi. Nisiporudi, jua nimeolewa na kambare!"

Nyamizi alidhani Kalunde amekwenda ng'ambo ya kinamasi. Moto uliposhika ndipo sauti ikatoka ndani ya moshi: "Wifi! Sioni njia!"

Nyamizi alijitosa, ndimi za moto zikamrudisha. Aliita mpaka sauti ikamkauka, lakini mlio wa matete yaliyokuwa yakipasuka uliimeza.

Ndipo dume mmoja wa kweche akainuka. Hakukimbia. Alizunguka polepole juu ya viota vyake, pale penye maji mengi na matete mabichi, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka. Chini yake majike walilalia mayai bila kutikisika, moshi ukipita juu yao. Yeye masizi yalimpaka mwili mzima. Kaa moja la moto likamtua bega hili, jingine bega lile, na hayakuzima. Katika giza lile la mchana Kalunde aliona nuru mbili nyekundu zikielea, akazifuata, hadi maji yakamfika shingoni.

Moto ulipolala, Nyamizi alisikia kikohozi.

"Kumbe umenichoka kiasi hiki, wifi?"

Akaketi matopeni, akacheka na kulia kwa pamoja, macho yake yakimfuata yule ndege mweusi.

Na tangu siku hiyo, mvua zinapoanza, dume wa kweche huvaa weusi na mabega ya moto, na hakuna anayewasha kinamasi. Viota vikibaki vitupu, huvua weusi huo, akarudia rangi ya nyasi, na watu wakajua wameruhusiwa kuchoma. Majike hawakubadilika, hadi leo wana rangi iliyowaficha.

Asubuhi iliyofuata moto ule, Nyamizi aliingia majini hadi kiunoni. Kiota kimoja kilikuwa kimeungua ubavu. Alikifungia majani mabichi ya matete, taratibu, bila kugusa mayai, kisha akatoka kinyumenyume.