Miguu ya Kiti cha Karani

Kaeni chini, wanangu. Viti tuviache leo.

Karani wa mfalme alikufa, akaacha kiti kilichojua kusema. Siwema, ambaye babake hamali alipotea, alisoma mpaka vitabu vikaisha, akaenda kukikalia awe karani.

"Katika nyumba yenu, nani aliketi hapa?" kiti kikauliza.

"Hakuna."

Kikamtupa chini. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akamkuta Badi, mtoto wa karani, amekikalia. Hakujua alifu wala be. Alijibu tu, "Babangu," kikampokea.

Vitabu vikamponyoka Siwema. Akiinama kuviokota, akagusa miguu ya kiti. Ilikuwa na joto, na magaga visiginoni, yale yale aliyokuwa akimpaka mafuta babake.

"Baba?"

Miguu ikachomoka kitini, ikamfuata nyumbani. Badi yuko sakafuni mpaka leo, anauliza nani kamwangusha.