Benchi la Mama Oswini

Ukifa pisha, benchi usihame.

Nimewasikia mkicheka. Mwenyekiti wa kikundi chenu kaondolewa kwenye uongozi, mzee mmoja kamwambia maneno hayo, nanyi mkadhani katukanwa, kwamba kaitwa maiti. Naye kadhani hivyo hivyo, katoka kwa hasira hata kofia kaisahau. Hakutukanwa. Basi kaeni, maana kwa mvua hii hamna pa kwenda, niwaeleze maneno hayo yalikotoka. Msitazamie wahenga wenye ndevu nyeupe. Yalianzia hapa hapa Moshi, mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja muuza sambusa.

Siku hizo gemu zilikuwa hazijaingia mfukoni mwa mtu. Ukitaka kucheza, unakwenda kwenye banda la Mama Oswini. Mbele kulikuwa na karai la mafuta na mama mwenyewe na mwiko wake. Nyuma kulikuwa na televisheni yenye kisogo kikubwa, mashine moja ya gemu, kaseti moja isiyokorofisha na benchi moja la mbao. Ndani ya kaseti hiyo aliishi kijitu cha bluu chenye ndoo kichwani, akikimbia kutafuta maji huku akiruka mashimo. Jina lake la dukani hakuna aliyelijua. Watoto walimwita Mchota Maji.

Sheria za banda zilikuwa mbili. Unacheza mpaka Mchota Maji wako afe, kisha pedi, kile kidude cha kubonyezea, unampa aliye pembeni yako. Anayejifanya hajafa alisikia sauti kutoka kwenye karai, bila mama kugeuza hata shingo: "Ukifa, pisha!" Sheria ya pili ilihusu benchi. Lilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotegewa tofali, na aliyekaa mwisho akiinuka ghafla, ubao ulipinduka ukawamwaga wote chini. Kwa hiyo ukishakufa unabaki palepale. "Benchi usihame!"

Aminieli ndiye aliyekuwa bingwa wa banda. Pembeni yake aliketi Restituta, binti wa jirani, aliyepokea pedi kila alipokufa Aminieli. Naye Aminieli, kwa kuwa haruhusiwi kuondoka, alimnong'oneza: "Usiruke bado. Bado. Sasa!" Pamoja na hayo yote, shimo la tatu, lile la baada ya daraja, lilikuwa kaburi la kila mtu. Aminieli aliliruka vizuri mara moja tu maishani, na umeme ukakatika Mchota Maji angali hewani. Walikaa gizani wakibishana kama angetua au asingetua, sambusa zikapoa mikononi, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Aminieli alipokuwa mtu mzima alikuwa akiikumbuka jioni ile akiwa kwenye foleni ya benki, akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Mwisho radi ikaipiga mashine. Mama Oswini akaichomoa, kaseti akaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na watoto wakakua wakatawanyika. Aminieli akawa fundi wa elektroniki Dar es Salaam. Restituta akafungua karakana yake hapa hapa Moshi, mtaa wa Njoro, akitengeneza mitambo ya pampu za maji.

Lakini mnajua desturi yetu. Desemba ikifika, Mchaga popote alipo anarudi nyumbani. Desemba moja wale watoto wa benchi, sasa wana vitambi na mvi za kwanza, walikwenda kumwamkia Mama Oswini. Wakamkuta kazeeka, na macho yanamwacha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kinachopotea hakirudi.

"Silalamiki," alisema. "Nimeona mengi. Ila kuna kitu nakionea wivu. Miaka yote ile mgongo wangu ulikuwa kwenye televisheni na mikono ina mafuta. Nilikuwa nawasikia tu mnavyokufa. Huyo Mchota Maji wenu sijawahi kumtazama vizuri, wala kumshika nikamrusha. Kabla macho hayajafunga, ningependa nimrushe hata mara moja."

Aminieli hakusubiri mtu mwingine aseme. "Mama, Krismasi ijayo utamrusha. Mashine nitaiunda mimi."

Mashine za aina ile hazikuwa zikipatikana tena, na zilizopatikana zilikuwa zimeungua. Basi wakaanzisha grupu kwenye simu, wakachanga. Sisi tunachangia harusi, tunachangia ubatizo, tunachangia hata kuaga bibi harusi; tungeshindwaje kuchangia utoto wetu? Walio ughaibuni walituma, walio Mwanza walituma. Kila aliyechanga aliahidiwa mashine yake, na ya kwanza ingekuwa ya Mama Oswini, yenye kuisoma kaseti ileile ya kwenye kopo.

Aminieli alianza na ganda la nje, na hapo ndipo alipopotea njia. Lilikuwa zuri kweli, la plastiki ya kijivu, kona zake za mviringo kama zile za zamani. Alipolipiga picha, grupu zima lilishangilia. Watu wazima waliandika kwamba wamelia. Akaonja sifa zile, zikamkolea, akachonga ganda la pili lenye rangi nzuri zaidi, wakati ndani hamna kitu.

Ndani ndiko kulikomshinda. Vipuri vya kutoka nje vilichelewa, vikafika si vyenyewe. Bodi ya kwanza, ule ubao wa nyaya na vipuri unaoendesha mashine, iliwaka moto kwenye meza. Ya pili haikuwaka, wala haikufanya chochote. Kaseti iliwekwa, skrini ikabaki nyeusi. Ya tatu ilichemka mpaka huwezi kuigusa. Watu walipouliza, "Fundi, tumefika wapi?" alijibu, "Tupo hatua za mwisho." Hatua za mwisho, wanangu, ndizo ndefu kuliko zote.

Restituta alimpigia simu. "Ami, niletee hiyo bodi niitazame."

"Hapana, Resti. Imebaki kidogo tu."

Aminieli alijua haijabaki kidogo. Lakini kuikabidhi bodi ilikuwa sawa na kuikabidhi aibu yake yote, na hilo hakuliweza. Miezi ikaenda. Oswini, mtoto wa mama, akaandika kwenye grupu kwamba mama sasa anapapasa kikombe mezani, na kwamba kila siku anauliza Krismasi imekaribia kiasi gani.

Ndipo Aminieli alipofanya alichokifanya. Alinunua dukani mashine ya bei rahisi yenye michezo mingi, akaitoa utumbo, akautia ndani ya lile ganda zuri, na palipoachana akapaziba kwa utepe mweusi. Akachagua humo mchezo mmoja wa kijitu kinachoruka. Alijiambia kwamba mama haoni vizuri, hatajua. Mtu mwema akitaka kukosea, husingizia upendo.

Desemba ikafika. Uani kwa Mama Oswini palijaa watu, mtori wa ndizi ukichemka, pombe ya mbege ikizunguka, watoto wakikimbizana. Benchi lilelile likaletwa, na tofali lake. Mama akaketi katikati, Restituta kushoto kwake, Aminieli mwisho, upande wa mguu mfupi. Kaseti ikachomekwa kwa heshima, ingawa ndani ya ganda haikugusana na kitu chochote. Mashine ikawashwa, watu wakapiga makofi.

Mama Oswini alisogea karibu sana na skrini. Akabonyeza. Kijitu kikaruka, kikaruka tena, kikatumbukia. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Kumbe ndivyo alivyo! Mwekundu! Miaka yote mimi nilikuwa namdhania wa bluu!"

Kila aliyewahi kuketi kwenye benchi lile alijua Mchota Maji ni wa rangi gani. Walitazamana, lakini nani angemharibia bibi kizee furaha yake?

"Haya, nimekufa," alisema mama, na bila kuambiwa na mtu akampa Restituta pedi. "Shika, mwanangu. Sheria ni sheria, hata kwangu."

Aminieli aliona mkono ule wenye mishipa ukiiachia pedi kwa wepesi, na moyo ukamuuma asiweze kuvumilia. Mama alikuwa amesubiri maisha yake yote, akapata nafasi ya kitambo kidogo, na aliposhindwa akapisha huku anacheka. Yeye mwaka mzima ameing'ang'ania mashine iliyokufa. Na sasa mama ataingia gizani na kijitu chekundu kisicho chake.

"Mama," alisema, "huyo si Mchota Maji."

"Ni nani basi?"

"Ni wa mashine nyingine. Nilinunua dukani nikaificha humu ndani. Yangu haisomi kaseti. Haijawahi kusoma."

"Unasema nini?" aliruka Gadieli, aliyekuwa msimamizi wa grupu. "Aisee Aminieli, mwaka mzima unatuambia hatua za mwisho!"

"Hakukuwa na hatua yoyote, Gadieli. Nilikwama tangu Pasaka."

Akainuka aende zake, machozi yamemjaa, haoni pa kukanyaga. Akasahau amekaa wapi. Benchi likapinduka. Restituta akaenda chini, mama akaenda chini juu ya Restituta, pedi ikarukia kwenye sufuria ya mtori.

"Yesu na Maria!" watu walipiga kelele. Halafu, kutoka pale chini, ikapanda sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu wakiwa na kaptula za shule:

"Aminieli! Benchi usihame!"

Aminieli, aliyekwisha fika getini, alisimama kama mtoto aliyekamatwa. Akarudi, akamwinua mama, akampangusa vumbi, akarudisha tofali mahali pake, akaketi.

"Umekufa?" mama alimuuliza.

"Nimekufa, Mama."

"Basi mpishe Restituta. Halafu ubaki hapo umwambie mashimo yako wapi."

"Mama, huyu katudanganya!" alisema Gadieli. "Tumwache abaki?"

"Katudanganya, ndiyo. Ndiyo maana anapisha. Lakini ukimfukuza, anaondoka na mashimo yote kichwani, na huyu binti atatumbukia upya shimo moja baada ya jingine." Akageukia benchi, akalipigapiga kwa kiganja. "Ninyi mlidhani nilikuwa nawakataza kuhama kwa sababu ya mguu huu? Mguu fundi angeupigilia msumari siku moja, yakaisha. Mimi nilikuwa nawasikiliza. Aliyekufa akinuna akaondoka, anayefuata alifia palepale. Akibaki, anayefuata alifika mbele kidogo. Ndiyo maana sikuutengeneza."

Baadhi ya watu walitoka kwenye grupu siku ile kwa maneno makali, na walikuwa na haki. Waliobaki walimkabidhi Restituta kila kitu. Aminieli akahamia Moshi, akawa anakwenda karakana ya Njoro kila asubuhi. Mwanzoni ilimchoma kukaa pembeni akimtazama mwingine akishika kazi aliyoipenda. Lakini alisema yote bila kuficha: vipuri hivi vinaongopa, hapa panachemka, hapa niliwahi kuunganisha nikaunguza. Restituta aliunguza bodi zake pia, ila hakuunguza hata moja pale Aminieli alipounguzia. Ganda zuri waliliweka kando. Mashine ikatiwa kwenye sanduku la mbao, baya la kutosha.

Krismasi iliyofuata, benchi likatolewa tena. Jicho moja la Mama Oswini lilikuwa limekwisha zima, na la pili lilibakiwa na mwanga mdogo kama wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Restituta akachomeka kaseti. Ukasikika ule mlio wa kuanzia, mlio wa zamani wenyewe, na watu wazima wakashikana mikono.

"Wa bluu," mama alinong'ona. "Si niliwaambia?"

Akacheza. Mashimo hakuyaona, aliona rangi tu ikipita. Aminieli aliketi ubavuni kwake, mdomo karibu na sikio lake, kama zamani. Shimo la kwanza wakavuka. La pili wakavuka. Daraja likapita.

"Bado, Mama. Bado. Sasa!"

Mchota Maji akaruka shimo la tatu, na safari hii umeme haukukatika. Akatua. Uani paliripuka vifijo, Gadieli akamkumbatia Aminieli shingoni mpaka benchi likayumba. Na katika kelele hizo Mchota Maji akapiga hatua mbili, akatumbukia shimo la nne, ambalo hakuna mtoto wa Majengo aliyewahi kujua kama lipo.

Mama Oswini akacheka. Akampapasa Aminieli mkono, akamwekea pedi kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Nimekufa, mwanangu. Shika wewe. Lile jipya liko karibu kuliko unavyodhani. Ukitua tu, ruka. Mimi nipo hapa hapa, nitakwambia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mama yule aliendelea kuketi kwenye benchi lile hata mwanga wake ulipokwisha kabisa, akiwaambia watoto wetu mashimo yalipo.

Naona mvua imekatika. Ichukueni ile kofia, mpelekeeni mwenyekiti wenu nyumbani kwake. Mwambieni aje kwenye mkutano ujao, nafasi yake ya kukaa ipo. Na akiuliza nani kawatuma, mwambieni ni Mama Oswini: ukifa pisha, benchi usihame.