Ngoma Iliyokosa wa Kuilaza

Hapo zamani, nzige walipokuwa wakija wengi hata jua likazibwa, palikuwa na mji ukiitwa Kwemhanga. Sogeeni karibu, maana kisa hiki kimeninyima usingizi, na leo nataka kiwanyime ninyi!

Watu wa Kwemhanga walikuwa na ngoma kuu. Siku za amani ililazwa ubavu, na neno la jumbe lilipingwa na yeyote mwenye mdomo. Siku ya hatari ilisimamishwa, na ngoma ikisimama, jumbe akisema amesema. Nani aisimamishe? Wazee wote kwa pamoja. Nani ailaze? Lo! Hilo wazee walisahau kuliwekea sheria.

Basi wakaja nzige. Wazee wakaisimamisha ngoma, Shekiondo mpiga ngoma akaipiga, Jumbe Mhina akaamuru. Chimbeni mitaro! Watu wakachimba. Washeni moto! Wakawasha. Pigeni madebe! Wakapiga, wakubwa kwa wadogo, mpaka nzige wakageuza njia na mahindi yakapona. Ee, furaha iliyoje! Jumbe alibebwa juujuu mji mzima.

Kesho yake wazee wakamwendea. "Jumbe wetu, sasa tuilaze ngoma."

"Bado. Nzige wametaga. Mayai yamo ardhini."

Jumbe akaamuru baraza lifungwe. Shekiondo akapiga, baraza likafungwa. Akaamuru watu wamlimie shamba lake la bondeni. Shekiondo akapiga, wakalima.

"Jumbe wetu, tuilaze ngoma!"

"Bado. Mayai!"

Mkulima mmoja, Semkiwa, uzalendo ukamshinda. "Jumbe wetu, mayai ya nzige na shamba lako vinahusiana nini?" Shekiondo akapiga, Semkiwa akafungwa kamba, akatupwa ghalani.

Mkewe, Nyamvula, hakubishana na mtu. Alikwenda uwanjani mchana kweupe, akaitia ngoma bega, akasukuma. Puu! Ikalala. Vigelegele! Semkiwa akafunguliwa, na mimi ningekuwapo ningecheza mpaka nianguke.

Vigelegele havijaisha, mwanamke akaja mbio kutoka mashambani. "Tunutu! Watoto wa nzige wametoka ardhini, wanatambaa kuja kwenye mahindi!"

Kumbe mayai yalikuwapo kweli.

Ngoma ikasimamishwa tena harakaharaka. Lakini mkwiro wa kuipigia, maana amri isiyopigiwa ngoma haikufuatwa, apewe nani?

"Nipeni mimi!" akasema Jumbe Mhina. "Niliwaambia mayai yapo, mkanuna. Nani mwingine anajua kupanga mitaro?"

"Na shamba la bondeni?" watu wakauliza.

"Tutalizungumza tunutu wakiisha."

"Nipeni mimi!" akasema Nyamvula. "Mitaro nitajifunza hukohuko. Lakini ngoma nimeshailaza, na nitailaza tena."

"Mitaro ikikosewa, dada, watoto watakula nini?" watu wakamwuliza.



"Mwachieni Jumbe amri, mkwiro nipeni mimi," akasema Shekiondo. "Akiamuru mitaro, nitapiga. Akiamuru shamba lake, sipigi."

"Mbona siku ile ulipiga?" watu wakamwuliza.

"Niliogopa. Sasa siogopi."

"Tutajuaje?"

Huko shambani tunutu wameshapanda bua la kwanza, wanatafuna! Haya, jamani, msitazamane, semeni upesi: mkwiro ule, je, nani alistahili kuushika?