Rili ya Mkono wa Kushoto

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani hii ya juzi ambayo hata mimi nilikuwa na meno yangu yote, palikuwa na mtumbwi mzuri usio na nahodha. Mpo? Kama mpo semeni mpo, maana sitaki kuusimulia ukuta. Haya, tuendelee.

Mtumbwi ulikuwa wa Bi Nyangeta, mjane wa kijiji cha Nyambugu, kule ziwani kwenye sangara. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa nahodha. Alipokufa, kile kiti cha nyuma kilifungwa kitambaa cheupe na hakuna aliyekikalia. Na kijijini kwao nahodha hachaguliwi kwa ndevu wala kwa maneno matamu. Nahodha huchaguliwa na samaki.

Sikilizeni vizuri hapa, msije mkaniuliza mbele. Mmoja wa mtumbwi ule akivua samaki, samaki hulazwa mchangani kando ya kasia. Akilizidi kasia kwa urefu, kichwa chake kinachemshwa. Aliyemvua anakila mbele ya watu wote, na akimaliza, kitambaa kinafunguliwa, anakalia kiti. Lakini kichwa kinaliwa kikiwa kinatoa mvuke. Kikipoa, basi, kimekuwa mboga tu, na kiti kinabaki na kitambaa chake mpaka aje samaki mwingine wa namna ile. Na samaki wa namna ile haji kila mwaka.

Mtumbwi ulikuwa na watu watatu, wote watoto wa kaka zake Bi Nyangeta. Alikuwepo Bwire, mabega mapana, maneno machache. Alikitaka kiti kwa sababu amepiga kasia tangu hajaota ndevu. Alikuwepo Masatu, mwembamba, anayezungumza hata akiwa anatafuna. Alikitaka kiti kwa sababu amechoka kudharauliwa. Alikuwepo Nyamisi, dada yao, mshona nyavu. Alikitaka kiti, na alipolisema hilo hadharani watu walicheka, kwa sababu pale hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Kiti kimoja, watu watatu! Mnaona moto unavyoanza kuwaka?

Sasa, sangara wa kulizidi kasia walijulikana waliko. Walikuwa kwenye Mawe ya Nyakasese, nje kidogo ya ghuba. Lakini ukitega nyavu pale, mawe yanazichana. Ukishusha mshipi wa mkono, mawe yanaukata. Ukisogeza mtumbwi, mawimbi yanaupiga mweleka. Njia ilikuwa moja tu: kusimama mbali ndani ya mtumbwi, na kurusha chambo kwa fimbo yenye rili, kile kidude chenye ngoma ya kuzungushia uzi.

"Nipeni kazi ya kuichagua hiyo rili," alisema Masatu. "Nitaibadilisha na baiskeli yangu."

Baiskeli yake! Ile aliyokuwa akiifuta kila jioni kwa kipande cha kanga! Bwire akamtazama, akainuka, akafuatana naye mjini.

Mwenye duka akawatolea rili ya kwanza, ile ambayo ngoma yake haizunguki, uzi unachomoka kwa mbele. Akaisifu. "Hii hata bibi yako anarusha. Haisumbui." Masatu akaishika, akauvuta uzi, akasikiliza. "Nzuri," akasema, "lakini si yetu. Sangara akiingia kwenye mawe nataka ngoma inayovuta yenyewe, ivute kama winchi."

Mwenye duka akawatolea rili ya pili, ya rangi ya dhahabu, kubwa, nzito, ngoma yake imejaa uzi wa kufunga ng'ombe. Akaisifu. "Hii ni ya wazungu wa boti za mashine." Bwire macho yakamtoka. Masatu akaisukuma ngoma kwa dole gumba. Ikazunguka polepole, ikasimama. "Nzuri," akasema, "lakini si yetu. Hii ni ya kuburuta chambo nyuma ya boti. Ukiirusha, chambo kinaanguka miguuni pako."

Mwenye duka akaguna, akainama chini ya meza, akatoa rili nyeusi, ndogo, haina hata urembo. Hakuisifu. Masatu akaigusa ngoma yake kwa dole gumba. Weee! Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, kimya kama maji. Akakaza breki, akamwambia Bwire avute uzi kwa nguvu zake zote. Bwire akavuta hadi mshipa wa shingo ukamsimama, na breki ikaachia kidogokidogo bila kushtuka.

"Hii ni yetu!" Masatu alipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. "Ngoma nyepesi ya kurushia, breki ngumu ya kuzuia. Chukua baiskeli!"

Wakarudi kwa miguu. Nyamisi akaipokea ile rili, akaifunga kwenye fimbo, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Kaka Masatu," akasema, "mbona mkono wa kuzungushia uko kushoto?"

"Uko mahali pake," Masatu akajibu.

Ehe! Masatu alikuwa mashoto tangu kuzaliwa. Alikula kwa kushoto, alikata kushoto, alipunga kushoto. Kwake yeye rili ile haikuwa na kasoro yoyote. Na mkono wa rili ile hauhamishiki, uko ulipo milele. Nyamisi akaguna tu, maana baiskeli ilikwisha kwenda.

Wakaanza kujifunza kurusha, nchi kavu pale kijijini, kwa jiwe dogo badala ya chambo. Na rili ya namna ile ina hila yake. Unaporusha, ngoma inazunguka na uzi unakwenda. Jiwe likipunguza mwendo, ngoma haina habari, inaendelea kuzunguka, na uzi unaofunguka bila kazi unajisokota hapohapo mkononi. Lazima dole gumba liiguse ngoma wakati wake. Ukigusa mapema, jiwe halifiki. Ukichelewa, utakaa chini kufumua mafundo mpaka ugali upoe.

Akarusha Masatu. Ngoma ikazunguka, uzi ukaenda, uzi ukajisokota. Alifumua kutwa nzima, na matusi aliyoyatoa siyarudii mbele ya wakwe zangu. Akarusha Bwire. Ngoma ikazunguka, uzi ukaenda, jiwe likamkosakosa jogoo wa Bi Nyangeta na kupasua mtungi. Akarusha Nyamisi. Ngoma ikazunguka, uzi ukaenda, uzi ukajisokota. Lakini yeye hakutukana. Alifumua, akarusha. Alifumua, akarusha. Vidole vilivyozoea uzi wa nyavu vikaanza kuijua ile ngoma. Dole gumba likatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akalifunga kitambaa akarusha tena. Mwisho wake aliweka sufuria ng'ambo ya shamba la mihogo, akarusha, na watu wote wakasikia: ngaa! Jiwe ndani ya sufuria!

"Atarusha Nyamisi," alisema Bwire, na Masatu akakubali.

Asubuhi yake Bi Nyangeta akawakataza kuukaribisha mtumbwi kwenye mawe, nao wakaenda Nyakasese. Bwire aliuongoza mtumbwi kwa kasia akiwa amesimama, maana kukalia kile kiti ni mwiko. Nyamisi akasimama mbele na fimbo. Masatu akakaa katikati, akafunga mdomo kwa mara ya kwanza maishani.

Nyamisi akarusha. Ngoma ikazunguka, uzi ukaenda, chambo kikaanguka pungufu. Akazungusha, akarudisha. Akarusha tena. Ngoma ikazunguka, uzi ukaenda, dole gumba likagusa, na chambo, kisamaki kilichochongwa kwa mti, kikatua katikati ya mawe mawili, pale penye giza. Akazungusha kidogo. Akaacha. Akazungusha kidogo.

Paa! Maji yakapasuka!

"Ameshika! Ameshika! Mama yangu, ameshika!"

Fimbo ikapinda mpaka ncha ikanywa maji. Breki ikalia. Uzi ukatoka, ukatoka, ukatoka, na sangara akakimbilia ndani kwenye mawe. Na mnakumbuka rili ilikuwa ndogo? Ngoma ndogo, uzi mchache! Nyamisi akatazama chini, akaona chuma cha ngoma kinaanza kuchungulia.

"Bwire, uzi unakwisha!"

"Usisogee!" akapiga kelele Masatu. "Shangazi alisema mtumbwi usikaribie mawe! Tutakufa!"

Bwire akapiga kasia, akaingia kwenye mawe, akamfuata samaki kila alikogeuka, kulia, kushoto, wimbi linawapandisha, wimbi linawashusha. Ngwaa! Ubao wa mbele ukagonga jiwe na kupasuka, maji yakaanza kuingia. Lakini uzi ukalegea, Nyamisi akapata nafasi ya kuzungusha, na chuma cha ngoma kikafunikwa tena.

Akazungusha kwa kushoto. Na kushoto kwa Nyamisi ni mkono wa kushikia sahani tu! Akazungusha mpaka bega likawaka moto, mpaka vidole vikakataa kufunga. Samaki bado yuko chini, bado mzito, bado anavuta.

"Masatu," akasema huku machozi yanamtoka kwa hasira, "pokea!"

Masatu akaipokea fimbo. Mkono wake wa kushoto ukaushika mkono wa rili, na ikaelewana. Akavuta, akazungusha. Akavuta, akazungusha. Nyamisi akashika bakuli, anakumba maji ndani ya mtumbwi. Bwire anapiga kasia kuwatoa kwenye mawe. Na yule sangara akapanda juu ubavu, mdomo wazi, mkubwa mpaka Masatu akasahau kusema kitu. Wakamwingiza watatu kwa pamoja.

Ufukoni watu walikuwa wamejaa. Samaki akalazwa mchangani. Kasia likalazwa kando yake. Mkia ukalipita kasia, na kiganja cha mtu mzima kikaingia kwenye nafasi iliyobaki! Vigelegele, jamani! Wazee walirukaruka! Kichwa kikakatwa, kikatiwa chumvi na ndimu, kikachemshwa, kikawekwa kwenye sinia mbele ya mtumbwi. Bi Nyangeta akafunga kanga kiunoni, akauliza, "Haya, wanangu. Nani kamvua?"

Wakasema wote watatu kwa mpigo, "Mimi!"

Shangwe ikakatika palepale.

"Mimi, shangazi," alisema Masatu. "Nimetoa baiskeli yangu. Wangechagua wao, tungekuwa na rili ya dhahabu na sufuria tupu. Na samaki huyu ametoka majini fimbo ikiwa mikononi mwa nani? Mwangu! Anayeingiza samaki ndiye mvuvi."

"Mimi, shangazi," alisema Nyamisi. "Rili haikurusha yenyewe. Tazama dole hili. Nani alikiweka chambo kwenye mdomo wa samaki? Na mkono wangu usingechoka kama huyu hangechagua rili ya mkono wake. Mwamba ngoma huvutia kwake!"

"Mimi sikujua!" alifoka Masatu. "Mashoto hajui kama ni mashoto mpaka mumwambie nyie!"

Hapo ndipo Bwire, mtu wa maneno machache, alipofungua mdomo. "Dukani ilikuwepo nyingine kama hiyohiyo, nyeusi, mkono kulia. Zilikuwa chini ya meza moja. Niliiona."

Watu wakaguna. "Nilishika iliyonikaa mkononi," Masatu akasema polepole. "Sikuwaza zaidi ya hapo."

"Na wewe uliiona ukanyamaza?" Nyamisi akamgeukia Bwire.

"Sikujua kama ina maana," alisema Bwire. "Mimi najua maji. Shangazi, uzi ulikuwa unakwisha. Wote wawili walikuwa wamekwisha kumpoteza samaki. Niliyemfuata ni mimi. Na kiti kile si cha kurusha, si cha kununua rili, ni cha kuongoza mtumbwi."

"Kuongoza?" Masatu akauonyesha ule ubao uliopasuka. "Mtumbwi wenyewe huo, unavuja! Shangazi alikukataza. Nahodha gani anayepasua chombo?"

"Na nahodha gani anayekabidhi fimbo samaki akiwa bado majini?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Na nahodha gani anayesema tusisogee?" mwingine akajibu.

Basi ufukoni pakachafuka! Wengine Masatu, wengine Nyamisi, wengine Bwire. Bi Nyangeta aliinua mkono, wakanyamaza. Akawatazama watoto wa kaka zake, mmoja mmoja. Wote walikuwa wamelowa, wote wanatetemeka, na wote aliwapenda. Akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, nalijua hilo. Lakini kiti ni kimoja, na watakaokikosa watakaa chini ya amri ya atakayekipata mpaka uzee wao. Nikikosea leo, nimewavunja watatu." Akalinyanyua sinia. Mkono ukaenda kwa Masatu, ukarudi. Ukaenda kwa Nyamisi, ukarudi. Ukaenda kwa Bwire, ukarudi.

Na mvuke ulikuwa unapungua.

Sasa msinitazame mimi. Mimi nimeisimulia hadithi hii kwa mume wangu, akasema Bwire, nikamnyima chai. Ninyi mmekaa hapo, mmeshiba, mna midomo. Aliyeichagua rili na kumtoa samaki majini, aliyerusha chambo na kumnasa, au aliyeufuata uzi ndani ya mawe? Semeni upesi kichwa hakijapoa! Je, nani alistahili kukila?