Ngisi wa Mama Nguchiro na Tonge Lisilomezeka

Hapo zamani za kale, enzi hizo ngisi wa bahari kuu walikuwa wapana kama milango, na wanyama walikuwa na nyumba zao na wenyeviti wao kama sisi, palikuwa na mama mmoja mdogo, Nguchiro, jina lake Kibibi, akikaa na watoto wake watatu kwenye pango la mawe pwani. Sogeeni, msikilize, maana huyu mama hakuwa jasiri hata kidogo. Jani likianguka, yeye ameshabeba watoto wawili kwa meno na anamtafuta wa tatu.

Mlangoni mwa pango palikuwa na dimbwi. Maji yakijaa, bahari inaingia mpaka kizingitini. Maji yakipwa, linabaki dimbwi lenye visamaki, na hivyo visamaki ndivyo kitoweo cha nyumba. Kwa hiyo mkiniuliza alikuwa na nini duniani, alikuwa na watoto watatu na dimbwi, basi.

Asubuhi moja, ngo ngo ngo.

"Hodi humu."

"Karibu," akasema Kibibi huku akirudi nyuma, kwa sababu aliyebisha ni Chui mwenyewe, mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi wa Starehe. Nyuma yake Fisi amebeba fimbo sita za kuvulia, na nyuma kabisa, taratiiibu, anakuja Kobe, katibu, na daftari lake.

Chama hicho, wanangu, hakikuvua kwa njaa. Kilivua kwa raha. Walikaa juu ya jabali na viti vya kukunja na kofia pana, wakimpata ngisi mkubwa wanampima kwa kamba, wanasimama kando yake vifua mbele, halafu wanamwacha palepale aoze. Na harufu yote ilikwenda kwa Kibibi.

"Mama Nguchiro," akasema Chui, "chama kimekua. Tunataka stoo ya fimbo zetu. Pango hili linatufaa."

"Na mimi na wanangu?"

"Bara ni kubwa."

"Bara kuna mwewe, mwenyekiti, na wanangu bado hawajui hata kukimbia."

"Sheria ni sheria. Katibu, soma."

Kobe akalamba kidole, akafungua daftari. "Kifungu cha nne. Anayeruhusiwa kukaa pwani hii ni mwanachama. Mwanachama ni yule aliyevua ngisi mkubwa, akamsafisha, akampika, na wenzake wakamla."

Fisi akacheka mpaka fimbo zikamponyoka. "Huyu mama ngisi akimkumbatia, haonekani tena."

Miguu ya Kibibi ilikuwa inataka kukimbia, meno yanatafuta mtoto wa kubeba, na hapo nyuma yake yule mdogo wa mwisho akapiga chafya, kachafya kadogo tu, kama punje ya mchele imeanguka, na Kibibi akajisikia anasema kabla hajafikiri:

"Nyinyi mmempika lini?"

Fisi akaacha kucheka.

"Nauliza tu. Kifungu kinasema kusafisha na kupika. Nyinyi mnapima na kuondoka. Nani kati yenu amewahi kumla?"

Chui akajilamba sharubu. "Hilo halimo kwenye ajenda."

"Basi nipeni siku tatu. Nitavua, nitasafisha, nitapika, mtakula hapa mlangoni kwangu, na mkishatia tonge mdomoni kikao kiamue. Na adabu ya mgeni mnaijua. Mgeni hatemi chakula cha mwenyeji. Anayetema ameikataa nyumba, na hana tena neno juu ya nyumba hiyo."

"Unatufundisha adabu sisi?" Fisi akavimba. "Tunaijua tangu utotoni."

"Katibu, andika wanaijua."

"Subiri," akasema Kobe, "bado niko kwenye 'nauliza tu'."

Chui akageuka kuondoka. "Siku tatu. Ya nne, fimbo zinaingia na nyinyi mnatoka."

Walipokwenda, Kibibi akakaa chini akalia, nawaambia ukweli, akalia vizuri kabisa. Halafu akafuta macho akaanza kazi. Akachukua kipande cha mwanzi, akakivisha kitambaa cheupe cha winda la mtoto, akakifunga miiba ya nungunungu mkiani, ncha juu, kikawa kama kamba mnono wa baharini anayeogelea. Akakifungia kamba ndefu. Siku ya kwanza akakitupa majini, chubwi. Hakuna kitu. Siku ya pili, chubwi. Hakuna kitu, na juu ya jabali Fisi anapiga miluzi.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua, maji yalijaa kuliko siku zote. Alfajiri bahari ilikuwa imeshapanda mpaka ndani ya dimbwi, nayo ikaleta wageni wake. Kibibi akakirusha chambo, akakinyanyua mara mbili, akakiachia kizame, akakinyanyua mara mbili. Vuuup. Kamba ikakaza.

Sasa hapo ndipo mara nyingi Chui na wenzake hukosea. Wao wana nguvu, wakihisi uzito wanavuta kwa hasira, na mkono wa ngisi unakatika, wanabaki na mkono, mwenyewe kaenda zake. Kibibi hakuwa na nguvu za kuvutia kwa hasira. Akaizungusha kamba kwenye pembe ya jiwe. Ngisi akivuta, jiwe linamjibu. Ngisi akipumzika, Kibibi anakunja kamba kidogo, kiasi cha kidole. Akivuta, jiwe. Akipumzika, kidole. Na huku maji, polepole, yanapwa.

Jua lilipopanda, bahari ilikuwa imerudi kwake na ngisi mpana kama mlango amebaki dimbwini, amechoka, anageuka rangi, mara mwekundu, mara mweupe.

Chui na Fisi wakashuka mbio, Fisi na zile fimbo sita, Kobe nyuma yao na daftari. "Bahati," akasema Chui. "Tuone kusafisha."

Kibibi akamshika ngisi kichwa, akavuta polepole, na matumbo yakafuata kichwa, shwaa. Akaingiza mkono mwilini, akachomoa ule ufupa wake laini, mrefu, unaoonyesha ng'ambo kama kioo. Akatoa mdomo mgumu kama wa kasuku, watoto wakaanza kuuchezea. Akachuna ngozi ya zambarau, ikatoka kama soksi.

"Hicho kifuko cheusi kina nini?" akauliza Fisi.

"Usikiguse, shemeji."

"Kwa nini nisikiguse? Unaficha nini?" Fisi akatia pua. Paa! Wino usoni, puani, mdomoni. Akaoga mara saba, na mpaka leo mdomo wa fisi ni mweusi, nendeni mkaangalie.

Kisha Kibibi akawasha moto, akawaita wanawe karibu, akawanong'oneza alichofundishwa na mama yake. "Ngisi ana milango miwili ya kuivia. Mmoja ni wa haraka, anaingia motoni na kutoka kabla hujafuta kisu. Mwingine ni wa subira, anakaa mpaka jua ligeuke. Ukimpakua katikati, utatafuna kandambili."

Wanawe akawakaangia vipande vyembamba, chwaa, chwaa, akavitoa. Vilikuwa laini kama maini. Sehemu yote iliyobaki akaitia chunguni na ndimu na tui la nazi na pilipili manga, akakaa upande wa upepo akipepea moto, na kila akipepea, harufu inakwenda moja kwa moja kwenye pua za wageni.

Haukupita muda.

"Tayari?" akauliza Chui.

"Bado, mwenyekiti. Mpaka jua ligeuke."

Tumbo la Fisi likanguruma, ngrrr. "Anatuchelewesha makusudi. Siku ipite bila sisi kula, halafu aseme alitimiza."

"Nasema bado, mbele ya katibu. Hajaiva."

"Pakua," akasema Chui, na makucha yakatoka nje.

"Katibu, umeandika kwamba nimesema bado?"

"Nimeandika."

"Na kwamba mwenyekiti ameamuru nipakue?"

"Naandika, naandika."

Kibibi akapakua. Chui tonge kubwa, Fisi tonge kubwa zaidi, kwa sababu alilichagua mwenyewe. Kobe, ambaye hali chochote chenye macho, akajitafunia jani lake.

Tafu. Tafu tafu. Tafu tafu tafu.

Chui akatafuna mpaka masikio yakachezacheza. Fisi, ambaye huvunja mifupa kama biskuti, akatafuna mpaka machozi yakamtoka, kwa maana mfupa huvunjika, lakini ngisi huyu alikuwa anabonyea na kurudi, anabonyea na kurudi. Kumeza hawawezi, litawakaba. Kutema hawawezi, wametoa neno.

Kibibi akasimama.

"Katibu, ngisi amevuliwa, amesafishwa, amepikwa, na wenzako wanakula. Uliza kikao."

Kobe akakohoa. "Mwenye kupinga Mama Nguchiro kukaa kwenye pango lake, na aseme sasa."

"Mmmh," akasema Chui. "Mm-mmmh. Mmmmh."

"Sijapata neno hapo," akasema Kobe. "Bwana Fisi?"

"Nngh."

"Temeni tu mkitaka kusema," akasema Kibibi. "Lakini anayetema..."

"Hana neno juu ya nyumba," Kobe akamalizia, akionyesha ukurasa. Akangoja. Akawatazama mmoja mmoja. "Kimya ni ridhaa. Hata bibi harusi huozwa hivyo." Akachovya kalamu kwenye wino wa ngisi, akaandika: *Amekubaliwa, bila kupingwa.*

Chui akamkazia macho Kibibi, na kwa mara ya kwanza Kibibi hakuangalia pembeni. Chui akaondoka akitafuna, Fisi nyuma yake akitafuna, na kwa haraka ya aibu wakazisahau fimbo.

Jua lilipogeuka, chungu kikafunguliwa. Nyama ikakatika kwa ulimi. Kibibi akapanda juu ya jiwe, akaita kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo: "Mwenyekiti, sasa ameiva. Karibuni!"

Upepo ulileta sauti moja tu kutoka mbali. Tafu, tafu.

Zile fimbo sita Kibibi alizisimamisha mlangoni, akafunga kamba, akaanika mawinda ya watoto.

Nami hadithi nimeipakua ikiwa imeiva, mwenye meno na ale: anayeandika sheria ili amfukuze mnyonge, ajue mnyonge naye anaweza kuisoma.