Kioo Kizima cha Mama Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kioo.

Kikawaje?

Kikapasuka.

Kikapasukia kwa nani?

Kwa asiye na meno. Mwenye meno akasema ni kizima.

Sogeeni basi. Mwenye mtoto mgongoni amshushe, amlaze, asije akashtuka. Ndani ya ngano hii kuna simu. Nikisema "simu ikaita", ninyi itikieni, "Triii, triii, triii!" Mmesikia? Haya.

Hapo zamani za juzijuzi, pimbi alikuwa na mkia. Msinicheke. Alikuwa nao, mrefu, laini, mweusi nchani. Mama Pimbi aliishi kwenye majabali na mtoto mmoja tu, jina lake Sikudhani, na mkia ule ndio uliokuwa blanketi la Sikudhani. Mtoto akilala, mama anamfunika mkia. Mtoto akiamka, anaushika mkia kwa vidole viwili na kuunyonya ncha.

Siku moja Sikudhani akaugua. Tumbo likavimba, likavimba, likawa ngoma. Ukiligusa, ndu! Ukiligusa tena, ndu!

Akaja Korongo, muuguzi wa hospitali iliyo ng'ambo ya milima saba. Akamtazama mtoto kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Huyu ni wa kupasuliwa," akasema. "Nitaruka naye leo. Wewe siwezi kukubeba."

"Mpasueni tu, dada," akasema Mama Pimbi. "Nimekubali. Mpasueni."

"Neno hilo halisemwi leo. Tutampima kwanza. Kesho nitakupigia simu mara tatu. Asubuhi, jua likiwa utosini, na jua likianza kushuka. Ukipokea, sema 'Mpasueni', tutampasua. Usipopokea mara zote tatu, kitanda anapewa mwingine."

"Nikipiga mimi je?"

"Simu ya hospitali inapiga, haipokei. Utaratibu ni utaratibu."

Mama Pimbi akamfunga mtoto kwenye mbeleko ya njano. Korongo akaishika mbeleko kwa mdomo, akaruka. Puu, puu, puu, akapotea juu ya milima.

Namba yake Korongo alikuwa nayo, lakini Mama Pimbi alikuwa na laini tu, hakuwa na simu. Akachukua mtama wake wote wa msimu, akaenda nao kwenye duka la Fisi.

Mlangoni palikuwa na bango kubwa, MTEJA NI MFALME. Chini yake palikuwa na bango dogo, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Fisi alikaa kaunta, mnene, meno yote nje. Kwenye kona alikaa fundi wake, Tumbili, ameinama juu ya bisibisi zake.

"Chukua hii, mama," akasema Fisi. "Mpya kabisa! Tena protekta ya kukinga kioo nimekuwekea bure."

Tumbili akainua macho, akamwona Mama Pimbi, akayashusha tena.

Mama Pimbi akapewa simu. Akapewa na risiti. Nyuma ya risiti palikuwa na maandishi madogo, madogo kuliko chawa wa kuku. Watu wote huitupa risiti pale pale mlangoni. Mama Pimbi alisoma mpaka darasa la saba, na alizoea kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye gunia la chumvi. Akaisoma yote, akaikunja, akaitia kifuani.

Kesho yake asubuhi, simu ikaita.

Triii, triii, triii!

Mama Pimbi akaweka kidole. Kimya. Akatelezesha kidole kushoto, kimya. Akatelezesha kulia, kimya. Akajaribu kwa pua, akajaribu kwa ulimi. Simu inaita, kioo hakimsikii. Kisha ikanyamaza.

Akaigeuza juani. Chini ya protekta kulikuwa na ufa, kutoka pembe hii hadi pembe ile, kama njia ya mchwa ukutani. Na juu ya ufa kulikuwa na gundi iliyokauka. Kumbe kioo kilipasuka zamani, kikabandikwa, kikafunikwa, kikauzwa.

Mama Pimbi akakimbia dukani. Foleni ilikuwa ndefu. Ngiri alikuwepo, Kobe alikuwepo, Nguchiro alikuwepo. Kila mmoja ameshika simu, na kila simu ni mbovu, na kila mbovu imetoka duka hilohilo.

"Jamani, nitieni laini yangu kwenye simu zenu," akaomba Mama Pimbi. "Nangoja simu ya mtoto."

"Yangu haishiki chaji, mama," akasema Ngiri.

"Yangu haina sauti," akasema Kobe.

"Yangu ni ganda tu," akasema Nguchiro. "Nilipoifungua ndani nikakuta kipande cha sabuni."

Mama Pimbi akafika kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema haraka."

"Kioo cha simu hii kimepasuka. Kilipasuka kabla sijainunua. Naomba unibadilishie. Au niazime simu nyingine, nipokee simu moja tu."

"Simu za dukani haziguswi na asiyenunua." Fisi akaishika simu ya Mama Pimbi, akaikodolea. "Na hiki kioo ni kizima. Hiyo ni alama ya protekta. Ubaya uko kwenye kidole chako. Kidole chenyewe kama punje ya ulezi, kioo kitakisikiaje? Hi hi hiii! Pimbi wewe, nenda kale ushibe, urudi na kidole!"

Jua likawa utosini. Simu ikaita, mkononi mwa Fisi.

Triii, triii, triii!

"Mzee, nakuomba! Jaribu wewe kwa kidole chako!"

"Mimi si sekretari wako," akasema Fisi, akaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza.

Zilibaki simu ngapi? Moja.

Mama Pimbi hakulia. Alitazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mzee, labda ni kidole changu kweli. Lakini nyumbani hawatanisadiki. Niandikie hapa kwenye risiti kwamba kioo ni kizima, nikawaonyeshe."

Fisi akafurahi. Mteja akikubali kosa, Fisi hufurahi kama amepata mfupa. Akaandika kwa herufi kubwa, KIMEKAGULIWA. KIOO NI KIZIMA. Akachukua muhuri wa duka, akaupuliza, akaupiga. Pa!

Mama Pimbi akaitazama risiti ile, akaikunja, akaitia kifuani, akachukua simu yake. Akatoka.

Nyuma ya duka kulikuwa na mgomba, na chini ya mgomba kulikuwa na jiwe lenye makali. Mama Pimbi akaketi. Akauvuta mkia wake mbele, akaishika ile ncha iliyokuwa ikinyonywa. Akauma kitambaa. Akapiga kwa jiwe mara moja. Kwachu!

Nisiwaambie mengi hapo.

Akaiweka simu juu ya gome gumu la mti. Juu ya kioo akaulaza mkia, bado una joto, bado unatoka damu. Akavizungushia jani la mgomba, akafunga kwa kamba, kama nyama ya kubanika. Akarudi dukani, anatembea upandeupande.

"Mzee," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea mbele ya watu. Nimekuletea kitoweo. Ila usikifungue hapa. Hawa wenzangu wana njaa, watakuomba."

Fisi akanusa. Fuu, fuu! Damu. Akaitazama foleni, na foleni ikamtazama. Ngiri akameza mate. Basi Fisi akaona akifungua ataombwa, asipofungua ataibiwa. Akakishika kifurushi kwa mikono miwili, akakitia mdomoni kizimakizima, na jani lake, na kamba yake, akauma kwa taya zote.

Kaaa-CHA!

"Uwiii!" Jino moja likaanguka kaunta, ting! Vipande vya kioo vikafuata. Ting, ting, ting! Fisi akatema gome, akatema simu. Mkia alikuwa ameshaumeza.

"Umenitega!" akapiga kelele. "Kioo hiki kilikuwa kimepasuka tangu asubuhi!"

Mama Pimbi akatoa risiti, akampa Ngiri, maana Ngiri ana sauti nene.

"Bosi," akasema Ngiri, "muhuri huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika kioo kikoje?"

"Kizima."

"Na hapa nyuma pameandikwa, 'Kioo kikipasukia mkononi mwa mteja, ni mzigo wa mteja. Kioo kikipasukia mkononi mwa duka, duka litaweka kingine siku hiyohiyo.' Maneno haya ni ya nani?"

"Yangu. Lakini imeandikwa mkononi! Mimi kimenipasukia mdomoni!"

"Na mdomoni kilifikaje, bosi? Kiliruka?" akauliza Nguchiro.

Foleni ikacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hata Kobe alitoa kichwa chote nje. Fisi akatazama huku, akatazama kule. Akaona macho mengi, na meno yake yamepungua.

"Sawa," akasema. "Nitabadilisha. Lakini kuna fomu. Utaratibu ni utaratibu."

Akatoa fomu. Akaandika polepole, damu inamdondoka kwenye karatasi. Jina la mteja. Jina la baba wa mteja. Jabali analokaa mteja. Sababu ya kioo kupasuka.

"Pimbi inaandikwaje?" akauliza.

"P, i, m, b, i. Andika, mzee, tafadhali andika."

"Nimekosea. Tuanze fomu nyingine."

Jua halina foleni. Lilikuwa linatembea. Fisi alipopiga muhuri wa mwisho, pa!, kivuli cha mlango kilikuwa kimeshafika kaunta.

Mama Pimbi akamkimbilia Tumbili. "Fundi, usiizime. Naomba usiizime, nangoja simu."

"Siizimi, dada." Tumbili akaanza kazi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akang'oa vipande, akapangusa gundi ya zamani. Akasema bila kuinua kichwa, "Dada, ufa ule nilibandika mimi. Bosi aliniagiza. Na mimi nina watoto."

"Funga kioo, fundi."

"Siku ile nilitaka kukuambia."

"Funga kioo tu, kaka yangu."

Kioo cha zamani kilikuwa kimetoka. Kioo kipya kilikuwa bado mezani, ndani ya karatasi yake. Na jua likaanza kushuka, na simu ikaita.

Hapana. Hii msiitikie.

Simu ililia juu ya meza, imefunguliwa kifua, haina pa kugusa. Tumbili alishika kioo kipya, akakikosea tundu, akakishika tena. Mama Pimbi aliinama, akaweka mdomo karibu na nyaya, akasema, "Mpasueni!" Akasema tena, "Mpasueni! Mimi ni mama yake, nimekubali, mpasueni!" Foleni yote ikaja ikasimama pale, Ngiri akapaza sauti yake nene, "Amesema mpasueni!" Nguchiro akasema, Kobe akasema. Simu ambayo haijapokelewa haisikii. Ililia mpaka mwisho wake, ikanyamaza.

Ndipo kioo kikaingia. Kati! Kikakaa sawasawa.

Siku ya tatu Korongo alirudi. Hakubeba mzigo. Mdomoni alikuwa na mbeleko ya njano, imefuliwa, imekunjwa vizuri.

"Nilipiga mara tatu, mama," akasema. "Hukupokea."

Mama Pimbi akamwonyesha simu. Kioo kilikuwa kipya, kinang'aa, hakina hata alama ya kidole. Korongo akajiona uso wake ndani yake.

"Kioo kizuri," akasema.

Tangu siku hiyo pimbi hana mkia. Na tangu siku hiyo, ukipita chini ya majabali, utamwona amepanda jiwe la juu kuliko yote, anatazama milima saba, analia. Wengine husema anawaonya wenzake kwamba tai anakuja. Hawajui. Anapokea simu.

Na Fisi? Fisi yupo, duka lipo. Ameongeza bango la tatu, HATUPOKEI ZAWADI.

Basi wanangu, mmejifunza nini? Jifunzeni kwamba mteja ni mfalme. Jifunzeni kwamba duka lenye muhuri halidhulumu mtu. Na zaidi ya yote, tunzeni risiti zenu, maana mwenye risiti hapotezi kitu.

Ngano yangu nimeikunja, nimeipiga muhuri, pa! Mliyoisikia mmeipokea ikiwa nzima. Ikiwapasukia nyumbani, hairudishwi.