Kamba ya Mwakio

"Kamba ya mpimaji haina mjomba." Mmeisema mkicheka, mkimsifu refa aliyemtoa ndugu yake uwanjani, na sasa mnauliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya kamba hiyo.

Mwakio alikuwa wa kwanza katika milima yetu kusomea upimaji wa ardhi. Mama yake alikufa yeye angali mchanga, akalelewa na mjomba wake, Mzee Mwadime, na mkewe Mghoi.

Mwaka mmoja mto ulichukua wanawake wawili waliokuwa wakivuka kwenda sokoni. Ikaamuliwa daraja lijengwe, na Mwakio akaletwa kupima. Tulichimba na kupima siku tisa. Kila mahali palikuwa tope. Mwamba tuliupata sehemu moja tu, na njia ya kuufikia ilipita juu ya nyumba ya Mzee Mwadime na kaburi la Mghoi.

Mzee alitukuta tukipigilia vigingi uani kwake.

"Mwanangu," alisema, "sogeza hatua kumi tu."

"Mjomba, nikisogeza, nguzo itakaa kwenye tope. Daraja litaanguka na watu."

"Na huyu aliyekubeba mgongoni, tumpeleke wapi?"

Mwakio aliivuta kamba ikakazika, akaniashiria nipigilie kigingi kilichofuata.

Mzee aliitazama kamba ile iliyokazika. "Kumbe kamba ya mpimaji haina mjomba," akasema. "Basi nikifa, usije kunizika."

Nyumba ilivunjwa, kaburi likahamishwa. Mzee alihamia kwa binti yake ng'ambo ya pili, akafariki kabla ya masika kurudi. Siku ya maziko Mwakio alisimama barabarani, kofia mkononi, asiingie uani. Nilimfuata nikamwambia, "Ingia. Mzee alisema kwa hasira tu."

"Alisema kwa uchungu," akanijibu. Hakuingia.

Daraja bado limesimama. Mafuriko yamekuja mara ngapi, na hakuna tena aliyechukuliwa na maji pale. Watu wakayaokota maneno ya mzee wakayafanya sifa. Mwakio kila alipoyasikia aliinuka, akaenda zake.

Isemeni, si vibaya. Ila mjue mpimaji mwenyewe alikuwa naye mjomba, tena mmoja tu. Kamba ya mpimaji ndiyo haina mjomba.